Kimea cha Anselmi

Katika kijiji kizima cha Itundilo, kando ya njia ya kwenda Sikonge, hapakuwa na mtu aliyepata kumwona Veneranda ameketi. Ukimkuta anachambua mboga, anachambua amesimama. Ukimkuta kanisani, yupo nyuma kabisa karibu na mlango, mtoto kamwegemeza kifuani, anasogea huku na huku kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o. Wanawake wenzake walisema ana wazimu wa miguu. Mama mkwe wake, Apolinaria, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, alisema, "Wenzangu waliletewa wakwe na mshenga. Mimi wangu aliletwa na kimbunga."

Lakini wazimu haukuwa wa miguu. Ulikuwa wa tumbo, na tumbo lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mwanawe Anselmi, mtoto aliyekuwa anaingia mwaka wa nne huku mwili wake ungali wa mtoto anayejifunza kusimama. Chakula kikiingia tumboni mwake kilikaa papo hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Tumbo lilivimba likawa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Haja kubwa ilipotea siku nyingi mfululizo. Kisha jioni mtoto alitapika alichokula asubuhi, na ungeweza kukitambua punje kwa punje.

Walimpeleka kwa mganga wa mizizi, akanywa mizizi, akaitapika. Bibi yake alimkanda kwa mafuta ya nyonyo. Padre alimwombea. Mwishowe Veneranda alidandia lori la tumbaku, akiwa amesimama bila shaka, akaenda naye hospitali ya Tabora mjini. Daktari alimpima, akamgongagonga tumbo, akasikiliza, kisha akamwachia maneno muuguzi mmoja aliyeitwa Imakulata, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa huko huko Unyamwezi.

"Umeona watu wanavyosukuma lori lililokwama kwenye mchanga?" Imakulata alimwuliza. "Husukuma wote kwa pamoja, na wimbo juu. Matumbo yetu yako hivyo. Ya huyu wasukumaji wake wanasinzia. Mmoja anasukuma leo, mwingine kesho."

"Dawa ya kuwaamsha ipo, dada?"

"Ya kuwaamsha kabisa hatuna. Tuna ya kuwapunguzia mzigo. Usimjaze. Mpe kidogo, kisha kidogo tena, kutwa nzima. Kiwe laini, kimechujwa, kisiwe na makapi wala mafuta mengi. Akishakula usimlaze. Msimamishe, tembea naye, ardhi nayo isaidie kuvuta chakula chini. Na maji ya kunywa asikose."

Veneranda alitikisa kichwa. "Uji mzito unamkwama, dada. Nikiuongeza maji unakaa tumboni kidogo, lakini ni maji tu. Anajaa, wala hanenepi."

Imakulata alimtazama, akapunguza sauti zaidi. "Kwenu kuna mtu anayepika pombe?"

Veneranda aliona haya, maana pale ukutani palikuwa na msalaba. "Mama mkwe wangu."

"Basi dawa unayo nyumbani. Chukua kimea chake. Songa uji mzito kama kawaida, uache upoe kidogo, halafu tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ukoroge. Utauona unalegea wenyewe bila kuongeza hata tone la maji. Uchemshe tena. Hapo kikombe kidogo kina chakula cha bakuli zima, na mtoto anakinywa kama maji. Ila ule mmea uliochipua uupukuse wote kabla hujasaga, una sumu. Umenielewa?"

Aliporudi nyumbani na habari hiyo, Apolinaria alicheka mpaka akashika mbavu. "Hospitali imesema hivyo? Miaka yote padre ananinyima sakramenti kwa ajili ya kimea, leo wazungu wa dawa wanakiandikia wagonjwa?"

"Si mzungu, Mayu," Veneranda alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Ni Mnyamwezi mwenzetu."

"Ndiyo maana ana akili."

Basi bibi kizee alianza kutengeneza kimea cha aina mbili, cha mtungi na cha mjukuu. Mtama aliuloweka, akaufunika kwa majani mabichi hadi ukachipua. Akauanika, akaupukusa mimea kwa viganja vyake vigumu, akausaga juu ya jiwe. Mtoto alianza kutulia. Si kwamba alipona, la. Lakini tumbo lilipungua ugumu, haja ilianza kupatikana, na mikono iliyokuwa vijiti ikaanza kupata nyama. Kazi ya Veneranda ikawa ni hiyo tu: kikombe, kutembea, jembe, kikombe, kutembea, jembe. Aliweza, kwa sababu wakati huo walikuwa wangali wanakaa kwao, kila kaya na eneo lake, shamba linaanzia mlangoni. Ukilima unamsikia mwanao akikohoa. Uji unachemka unaunusa kutoka kwenye matuta. Baadaye tuliambiwa kwamba kuishi vile kulikuwa kuishi kama digidigi, kila mmoja kichakani pake. Sawa. Digidigi hujua mwanawe amelala wapi.

Mwaka wa sabini na nne watu wakahamishwa. Lori lilikuja, likabeba milango na vinu na kuku, likavimwaga kando ya barabara mahali palipopimwa kwa kamba. Nyumba zikasimama mistari miwili kama askari. Mume wa Veneranda, Ambrosi, alipelekwa Usoke kwenye mashamba ya tumbaku, akawa anarudi mara chache kama mvua ya mwaka ule. Shamba la kijiji lilikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga. Kila asubuhi kengele ya chuma cha reli iligongwa, wanawake wakatoka na majembe, na Veneranda akawa anakwenda shambani, anarudi kumpa mtoto kikombe, anakwenda tena, anarudi tena. Wenzake walipopumzika chini ya kivuli, yeye alikuwa mbugani njiani. Wakamwita Lori la Usafirishaji.

"Lori, umebeba nini leo?"

"Nimebeba uvivu wenu, naupeleka kuuzwa Igunga."

Alijibu hivyo akicheka, lakini miguu haikusimama.

Kisha njaa ikaingia. Mahindi ya manjano yakaja kwa meli kutoka ng'ambo, unga wake tukauita yanga, mgumu, una harufu ya gunia. Amri ikatangazwa mkutanoni: nafaka ni ya kula, si ya kunywa. Atakayekutwa anapika pombe, mali yake itachukuliwa. Aliyeisoma amri alikuwa katibu wa kijiji, kijana aitwaye Mfaume, Mzaramo wa Kisarawe, aliyeletwa kwetu akiwa na suruali mbili za khaki zenye mikunjo iliyonyooka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpya tu, na mpya hukaza.

Aliyetekeleza alikuwa balozi wa nyumba kumi, Elieza, Mmoravian aliyeapa tangu ujana kwamba hata kivuli cha mtungi hatakikanyaga. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwa Apolinaria akakuta ungo wa mtama uliochipua umeanikwa juani, na kibuyu cha unga wa kimea.

"Mama Apolinaria, shikamoo. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni mtama uliolala na maji ukapata mimba."

"Amri unaijua."

"Naijua. Hiki ni cha mjukuu, ni chakula."

Elieza alisikitika kweli, uso wake ulionyesha. "Mama, nimezaliwa nchi hii. Kimea nakijua kazi yake. Kina kazi moja." Na ni kweli, katika Unyamwezi yote, tangu kuumbwa kwa mtama, hakuna mtu aliyewahi kuona kimea akafikiria kitu kingine isipokuwa mtungi. Tena kilikuwa kimekutwa kwa nani? Kwa Apolinaria, ambaye pombe yake ilikuwa imewahi kuwalaza njiani wazee watatu wa kanisa. Elieza akabeba ungo na kibuyu, akavifungia ghalani, ufunguo akampa katibu.

Veneranda aliporudi kutoka shambani alikuta jiwe la kusagia ni tupu. Alisonga uji wa yanga mzito, mtoto akautapika. Akaupika mwepesi, mtoto akaunywa, akajaa, tumbo likawa ngoma, na njaa ikabaki pale pale. Alikwenda kwa Elieza, akaambiwa mambo ya ghala yako kwa katibu. Alikwenda kwa katibu, akaambiwa sheria haina mlango wa uani. Mtama mwingine haukuwapo; kila debe lilikuwa limehesabiwa na kijiji. Siku zikapita, na Anselmi akaanza kurudi nyuma. Mbavu zikajitokeza. Macho yakawa makubwa kuliko uso. Likaja jambo lililomtia Veneranda hofu kuliko kulia na kutapika: mtoto aliacha kutaka. Kikombe kilipomkaribia aligeuza shingo polepole, kama mzee aliyechoka na wageni.

Usiku hakulala, mchana hakutulia. Alitoka nje akaingia, akashika ufagio akauacha. Apolinaria, aliyekuwa ameketi kizingitini anachambua maharagwe ya wenyewe, akashindwa kuvumilia.

"Unaniumiza macho. Ukitaka kwenda mahali, nenda."

"Niende wapi, Mayu? Nimekwenda kote."

"Umekwenda kama raia. Umeomba kama raia. Yule kijana si Mzaramo?"

"Ni Mzaramo."

"Na wewe si Mnyamwezi? Basi yule si katibu wako, ni mtani wako. Mtani haombwi. Mtani hutekwa: unabeba chake, akikitaka akikomboe."

Veneranda alisita. Mfaume alikwisha kusema mkutanoni kwamba utani ni mambo ya kikabila, kwamba taifa ni moja na utani wake ni maendeleo. Watu walipiga makofi, maana ilikuwa desturi kupiga makofi. Akimkosea, kijana yule aweza kumwitia mgambo. Lakini alipomtazama mtoto, miguu ikaamua kabla ya kichwa.

Alimfunga Anselmi mgongoni, akaenda ofisini. Ofisi ilikuwa nyumba ya nyasi yenye meza moja na kiti kimoja, kiti kizuri cha mninga chenye mikono, kilicholetwa kutoka Tabora. Mfaume alikuwa amesimama dirishani anazungumza na Elieza. Veneranda aliingia bila hodi, akakinyanyua kile kiti, akakigeuza miguu juu, akakitwika kichwani, akatoka nacho.

"Mama! Mama Anselmi! Unakwenda wapi na kiti?"

"Bagamoyo," alijibu bila kugeuka.

Alipita katikati ya kijiji, katikati ya mistari ile miwili ya nyumba, kiti kichwani, mtoto mgongoni, anatembea mwendo ule wa zamani wa kubeba mzigo, shingo haitikisiki. Watu wakatoka. Watoto wakafuata. Mzee mmoja aliyekuwa hajacheka tangu kuhamishwa alipiga kofi pajani, akasema, "Jamani, mtani katekwa!" Mfaume alikimbia nyuma yake, suruali yenye mikunjo imejaa vumbi.

"Rudisha mali ya umma, mama."

"Ya umma? Mimi nimechukua ya mtani wangu. Kama umma unataka, uje wenyewe."

"Sisi mambo hayo tumeacha. Nilisema mkutanoni."

Hapo Veneranda aligeuka. Kiti hakukitua.

"Mliacha lini? Babu yangu alitoka hapa na pembe ya ndovu begani mpaka pwani kwenu. Mlimpokea kwa matusi na maji ya kunywa, mkamwita punda wa Unyanyembe, mkamlaza. Safari ya pili akafia njiani kwenu, hana ndugu, hana jirani. Alizikwa na nani? Alizikwa na watani, Wazaramo, waliomwosha kwa mikono yao wakamtukana hata kaburini. Habari hiyo tumekua nayo nyumbani. Haikuandikwa popote, lakini haijapotea."

Mfaume alishusha mkono aliokuwa ameunyosha kukipokea kiti.

Veneranda akaifungua kanga kwa mkono mmoja, akamleta mtoto mbele. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha. Wengi hawakuwa wamemwona Anselmi kwa siku nyingi. Mama yake alikuwa amemfunika.

"Kimea mlichofungia ghalani ndicho chakula cha huyu. Hospitali imenifundisha. Kinalegeza uji ili upite. Bila hicho haupiti, umeona mwenyewe hali yake. Sikuja kukuomba, mtani. Nimekuja kukupa taarifa. Kuzika ni kazi yako, si yangu. Mimi sitashika jembe. Utachimba wewe, utaosha wewe, na matusi utatoa wewe. Jiandae."

Mfaume alimtazama mtoto, akatazama chini, akafuta jasho. Kijana yule alikuwa amesoma mambo mengi, lakini alilelewa Kisarawe na bibi yake, na kuna mambo ambayo bibi huyapanda ndani ya mtoto kabla shule haijafika. Kisha sauti ikamtoka, si ile ya mkutanoni.

"Mpagazi mwizi wee! Mmechoka kuiba pembe sasa mnaiba viti? Nikuchimbie kaburi mimi, kwenye ardhi yenu hii ngumu kama roho zenu? Hata kufa hamjui kufa kwa adabu, mnasubiri kiangazi! Huyu hafi. Hafi leo wala kesho, sina nafasi. Elieza! Shika ufunguo, lete kile kibuyu!"

Kelele zilizopasuka hapo zilisikika hadi ng'ambo ya mbuga. Wanawake walipiga vigelegele. Lakini Elieza alisimama kama gogo.

"Katibu, amri inasema..."

"Amri inasema pombe. Tutaujua ukweli sasa hivi."

Uji ukapikwa nje ya ghala, mbele za watu. Mzito kwanza, mwiko unasimama. Ukapoa kidogo. Veneranda akatia kijiko cha kimea, akakoroga, na watu wakasogea wakaona ule uji unavyolegea, unateleza, unakuwa wa kunyweka, na hakuna aliyetia maji. Ukachemshwa tena. Mfaume akachota kikombe akamnyoshea Elieza.

"Onja, balozi. Wewe ndiye hujawahi kunywa, ulimi wako ni shahidi safi."

Maskini Elieza. Alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino, midomo ikimchezacheza kwa sala. Akanywa. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Mtamu," alisema.

"Umelewa?" Apolinaria aliuliza kutoka nyuma.

"Bado, mama."

"Basi rudisha kikombe, usimmalizie mgonjwa."

Mfaume aliona kwamba kimea hakiwezi kurudi nyumbani kwa Apolinaria. Wakubwa wangepita wakauliza, na kila mwenye mtungi angesema ana mtoto mgonjwa. Akaamua kibuyu na ungo vikae nyumbani kwake yeye katibu, mahali ambapo hapana mpekuzi atakayepekua, na Apolinaria aende kusagia huko chini ya macho yake. Kiti akarudishiwa, baada ya kukikomboa kwa kuku jike, maana mateka wa utani harudi bure.

Siku hizi utani umebaki kwenye redio. Watu hutukanana kwa ajili ya mpira, wanacheka, kisha kila mmoja anakwenda kwake, na akifa jirani wanachangishana fedha za kukodi wachimbaji. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Ila mtoto hakuinuka kwa siku moja, na Veneranda hakutulia. Njia yake iliongezeka tu: shambani, kwa katibu, nyumbani, kwa katibu tena. Anselmi aliyekuwa ameacha kutaka alimezeshwa kwa kijiko, tone kwa tone, kisha akasimamishwa begani na kutembezwa mbele ya nyumba ya Mfaume, kwenda na kurudi. Katibu alikuwa akitoka mlangoni anauliza kwa sauti iliyosikika barabarani, "Mpagazi, mzigo umeshuka?" Naye akajibu, "Bado, kalale." Siku haja ilipopatikana, Apolinaria alitangaza kijijini kana kwamba kazaliwa chifu. Tumbo likalainika. Lakini shingo iliendelea kugeuka kila kikombe kilipokuja, na Veneranda alijua kwamba tumbo laweza kulazimishwa kwa siku kadhaa, moyo wa kula haulazimishwi. Alitembea akisubiri jambo hilo tu.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunukia, alimpa Anselmi kikombe chake kidogo mlangoni kwa katibu, akakiweka chini, akamwinua begani aanze kumtembeza. Mtoto alijipinda. Veneranda akadhani anataka kutapika, akamgeuza haraka. Hakutapika. Alinyosha mkono mwembamba kuelekea kikombe.

"Nyingine."

"Basi, baba. Baadaye."

"Nyingine!"

Akaanza kulia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu, miguu ikimpiga mama yake tumboni, anakililia kikombe kama watoto wote wa dunia wanavyolilia. Mfaume alitoka mbio, suruali haijafungwa vizuri.

"Nini tena? Mpe mtoto chakula, Mnyamwezi mchoyo!"

"Siwezi kumpa. Nikimwongeza atajaa. Mpaka nimtembeze kwanza."

Na Veneranda akaondoka naye, akishuka barabara ya Sikonge kwa hatua ndefu, mtoto anapiga kelele za kudai uji juu ya bega lake, na watu waliotoka milangoni kuuliza nani anayemtesa mtoto hawakupata jibu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, wala hakusimama.